Spès na Mabingwa wa Bwawani

Spès hapigi makofi. Sherehe yoyote utakayomkuta pale Kasokola, iwe harusi, kipaimara au mkutano wa hadhara, watu wakianza kushangilia yeye hukunja mikono kifuani na kutazama pembeni, kama mtu aliyejibanza kwenye kibaraza akisubiri mvua ipite. Wapo wanaosema ana kiburi. Wapo wanaosema ndivyo walivyo watu wa Katumba, alikozaliwa. Wanaomfahamu zaidi wanajua kwamba zamani alikuwa akipiga makofi kama sisi wote. Aliacha mwaka ule alipojiunga na klabu ya kayaki.

Alilelewa Katumba na bibi yake, Capitoline, ambaye wajukuu walimwita nyogokuru kwa Kirundi chao cha nyumbani. Capitoline alikuwa mtu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Mwaka wa sabini na mbili, akiwa ameolewa juzi tu, aliyakimbia mauaji ya huko kwa mtumbwi wa mvuvi, akaja kupakiwa kwenye lori na kushushwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mahali penye miti mingi na maji ya kisima. Hakuliona tena ziwa maisha yake yote. Wenzake walipokaa kusimulia habari za waliouawa, yeye alisimulia habari za maji: jinsi yanavyobadilika rangi wingu likipita, jinsi upepo wa mchana unavyotangulia kunuka kabla hujauhisi shingoni. Alikaa mkekani, akashika mwiko, akamwonyesha mjukuu wake namna kafi linavyoingia majini. Taratibu, bila kelele, kama kijiko kwenye uji wa mgonjwa.

Spès alikua, akaolewa Kasokola na Telesfori, mtu wa maneno machache na mizinga mingi ya nyuki. Akazaa, akalima mahindi na karanga, akafikisha umri wa kuitwa Mama Odeta na kila mtu. Ziwa alikuwa hajaliona. Mtu wa mjini atauliza kwa nini, maana kutoka Mpanda mjini hadi Karema, ufukweni kwenyewe, ni safari ya siku moja tu. Lakini safari ya mkulima haipimwi kwa barabara. Kuna palizi, kuna mtoto mwenye homa, kuna mkwe anayetaka kupelekwa hospitali, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayeelewa mtu akisema anasafiri kwenda kutazama maji.

Ndipo ikaja klabu.

Kambi moja ya watalii huko porini ilifungwa, na wenyewe walipoondoka waliacha kayaki zao, vile vyombo virefu vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukaa peke yake katikati na kupiga maji kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Eustace, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alizipakia kwenye Fuso yake akaja nazo mjini. Eustace hajui kuogelea. Kwenye bwawa la mifugo, ambako klabu ilifanyia mazoezi, alisimama mbali na maji kuliko ng'ombe wenye kiu. Lakini alikuwa na Fuso na alikuwa na kipaza sauti, na kwa mwenye vitu hivyo viwili uenyekiti huja wenyewe. Baada yake akapatikana makamu, katibu, katibu mwenezi, mlezi na mshauri wa mlezi, mpaka viongozi wakawa wengi kuliko kayaki. Fulana zilichapwa kabla mtu yeyote hajalowa.

Mashindano yao yalifanyika kwenye bwawa lililochimbwa kwa ajili ya mifugo nyuma ya mashamba ya Kasokola. Lina maji ya kutosha baada ya mavuno, na kufikia mwisho wa kiangazi linabaki tope la kufugia chura. Eustace alitangaza kwamba msimu huo wa kwanza ungekuwa na mashindano matatu, na mshindi wa lile la mwisho angekuwa bingwa wa msimu na kupelekwa Karema kuiwakilisha klabu kwenye mbio za ziwani. Nafasi ilikuwa moja tu, kwa sababu wenyeji wa Karema walitaka mpiga kafi mmoja kutoka kila mahali.

Spès alisikia tangazo hilo akiwa gulioni. Usiku alimwambia mumewe.

"Unaenda kutafuta nini kwenye bwawa la ng'ombe?" Telesfori akauliza.

"Karema."

"Karema iko kule, bwawa liko huku."

"Njia inapita bwawani mwaka huu."

Telesfori alifikiri kidogo, akasema, "Basi usije ukaumwa na kiboko," na huo ndio ulikuwa ushauri wake wote.

Klabuni walimpokea kwa furaha kubwa, lakini si kwa sababu walimwona ana mikono ya kupiga kafi. "Karibu sana, Mama Odeta," Eustace alimwambia. "Picha yetu ilikuwa ndevu tupu. Sasa hata mgeni rasmi akija, jinsia tunayo." Wakampa kayaki ambayo wengine walikuwa wameikataa, nzito, yenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya beseni iliyoyeyushwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alipita bwawani, akazunguka. Baada ya wiki chache, waliokuwa wakimcheka waliacha kumcheka, si kwa heshima, bali kwa sababu alikuwa hasimami mahali pamoja muda wa kutosha kuchekwa.

Katika klabu hiyo alikuwepo kijana aitwaye Ngusa, Msukuma kutoka Sibwesa. Baba yake alikuwa na ng'ombe, naye alikuwa na miwani ya jua. Alishawahi kuwa MC wa harusi na mchezaji wa ngoma, na katika vitu vyote hivyo alijifunza jambo moja tu, namna ya kutazamwa. Alikalia kayaki kama anayekalia pikipiki mpya. Alifunga usinga kwenye kofia. Kafi alilirusha juu, likazunguka, akalidaka, na kila alipolidaka alipiga mluzi. Mwendo hakuwa nao, na wala hakuutafuta.

Siku ya shindano la kwanza mgeni rasmi alichelewa mpaka jua likawa kali. Alipofika, mbio zilikuwa zimeshaanza, na mwamuzi aliyekuwa ameshika kamba ya mwisho, upande wa pili wa bwawa, aliiacha akakimbia kwenda kusalimia. Viongozi wote waliyapa maji mgongo wakapanga mstari wa kupeana mikono. Ndani ya muda huo Spès aliifikia kamba. Ilikuwa imelala majini. Pale ukingoni palikuwa na Telesfori, mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe, na ng'ombe.

Ngusa alikuwa bado katikati ya bwawa. Alikuwa amesimamisha kayaki, anajimwagia maji kichwani kwa kiganja na kucheza mabega, na watu waliojaa ukingo wa kusini walikuwa wanapiga kelele mpaka ndege wakahama mianzini.

Mgeni rasmi alipokwisha kusalimiwa ikaulizwa nani mshindi. Mwamuzi akamtazama katibu, katibu akamtazama makamu. Hakuna aliyeona. Spès akasema, "Ni mimi. Nilifika, nikasubiri." Telesfori akasema ni kweli. Mzee wa ng'ombe akasema ni kweli.

"Mume ni shahidi wa mkewe, hiyo haikubaliki," Eustace alisema. "Na mzee, samahani, wewe ulikuwa unaangalia mifugo." Akajikuna kidevu. Kisha uso wake ukafunguka, kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. "Jamani, kwa nini tunahangaika? Watu walikuwa wapi?"

"Kwa Ngusa!" ukingo wote ukaitika.

"Basi."

Kwa asiyejua, hapo yanahitajika maelezo. Wasukuma wana ngoma zao za mashindano, ambazo huchezwa baada ya mavuno. Makundi mawili husimama kwenye uwanja mmoja, kila moja likicheza kwa ufundi wake na kwa dawa zake za kuvuta watu, na watazamaji wako huru kuhama. Kundi linalobaki na watu ndilo limeshinda. Hakuna mwamuzi, hakuna kamba, na hakuna anayelalamika, maana anayekimbiwa na watazamaji anajiona mwenyewe. Ni desturi nzuri. Inamnyima mwenye cheo nafasi ya kuharibu mchezo. Lakini inafaa uwanjani, kwa watu wanaocheza ili watazamwe. Kuichukua na kuipeleka kwenye mbio, ambako kuna mwanzo na kuna mwisho, kunahitaji uvivu wa aina ya pekee, na klabu ilikuwa nao wa kutosha. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyejisumbua tena kushika kamba. Mwamuzi alipewa kiti.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hawakuwa wabaya. Mtu mbaya angejua anamwibia nani. Hawa walirudi nyumbani wakiwa wameridhika, wakila karanga.

Shindano la pili lilikuwa kama la kwanza, isipokuwa Ngusa alikuja na filimbi na wapiga ngoma wawili. Spès alimwacha mbali kiasi kwamba alipomaliza alishuka, akakamua nguo, akakaa kwenye nyasi, na Ngusa bado alikuwa hajafika nusu. Alipotangazwa, Ngusa alimpitia karibu, miwani juu ya kofia.

"Mama Odeta, umeliona nyomi? Umeona nilivyokiwasha?"

"Nimeona. Mgongo wako tu ndio sikuuona."

"Una haraka sana, mama yangu. Unawahi wapi? Bwawa lenyewe limezungukwa na ardhi."

Watu walicheka, na Spès mwenyewe karibu acheke, maana ilikuwa kweli. Lakini ndani alikuwa ameanza kuogopa. Lilibaki shindano moja, na Ngusa akilipata, nafasi ya Karema ingekuwa imekwisha. Na mwaka mwingine nani anajua kama kayaki ingekuwa bado haijageuzwa kuwa hori la nguruwe.

Lucia ndiye aliyemfungua macho. Lucia ni jirani yake, Msukuma aliyehamia Kasokola na mume na ng'ombe kutoka Shinyanga, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye kijiji cha pili. Walikuwa wanapukuchua mahindi.

"Shoga, wewe unakimbia," Lucia alisema. "Pale nani amekutuma ukimbie?"

"Ni mbio, Lucia."

"Wamekwambia ni mbio. Macho yako yanakwambia nini? Ile ni ngoma, imelowa tu. Kwetu hata uwe mchezaji wa namna gani, ukicheza peke yako kichakani hujacheza."

"Sasa nivae miwani nitikise mabega?"

"Mabega hayo ya kubebea kuni? Hapana, utawaua watu kwa kicheko. Lakini nyie Katumba si mna ngoma zenu? Zile kubwa, mtu anaruka, tumbo langu linatetemeka mpaka nadhani nina mimba."

Spès aliinamia gunzi lililokuwa mkononi. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, na alipolitupa alikuwa ameshaamua. Hakupenda. Alitaka kushinda kwa mikono yake, na sasa alikuwa anakwenda kuomba msaada wa kelele. Lakini alitaka ziwa kuliko alivyotaka kuwa sahihi. Jumapili alienda Katumba kwa ndugu zake akawaeleza, nao hawakuuliza maswali mengi. Watu ambao maisha yao yote wamekuwa wakiambiwa wapunguze sauti hawahitaji kubembelezwa sana kuipandisha.

Siku ya shindano la tatu walikuja na ngoma zao vichwani. Walizipanga upande wa kamba, pale ambapo hakuna aliyewahi kusimama isipokuwa Telesfori na ng'ombe. Mwanzoni watu walikuwa kwa Ngusa kama kawaida. Kisha ngoma zikaanza, zile ngoma za Kirundi zinazopigwa kwa fimbo mbili na wapigaji kupokezana kuruka mbele, na kishindo chake kilipita juu ya maji kikarudi. Watu wa ukingo wa kusini waligeuza shingo. Wakaanza kutembea. Halafu wakaanza kukimbia, wanaume kwa wanawake, wauza karanga na ndoo zao, mpaka mwamuzi na kiti chake. Wapiga ngoma wawili wa Ngusa walibaki peke yao, kisha mmoja wao naye akaondoka.

Spès hakuangalia pembeni. Aliingia kwenye kamba, kayaki yake nzito ikapanda tope, na watu walikuwa wamejaa mpaka hakuwa na mahali pa kuweka mguu. Ngusa alikuwa katikati ya bwawa, kafi limesimama mkononi, anazunguka taratibu kutafuta walikoenda.

Kwa sheria ya mbio alikuwa ameshinda. Kwa sheria ya ngoma alikuwa ameshinda. Hata Lucia alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.

Viongozi wakaenda pembeni. Walikaa muda mrefu. Makamu alionekana akitikisa kichwa, mlezi akionyesha kidole upande wa ngoma. Eustace aliporudi alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi. Tumeona, na tumefurahi. Burudani ilikuwa nzuri. Lakini kamati imeona kwamba watu wale ni wa kuletwa. Mtu ukija na ndugu zako, hao si mashabiki, hao ni familia. Kwa hiyo mshindi wa msimu ni Ngusa."

"Mwenyekiti," Spès alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza na wote walisikia. "Wale wa Ngusa waliotoka Sibwesa si binamu zake?"

"Wale?" Eustace alisema, na wala hakusita, hilo ndilo lililokuwa baya. "Wale ni wananchi."

Watu wa Katumba walianza kufunga ngoma zao. Ni watu wenye uraia wa nchi hii, walioupata kwa kusubiri muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote pale bwawani alivyowahi kusubiri kitu chochote, na watoto wao hawajui nchi nyingine. Waliinua ngoma wakaziweka vichwani wakaondoka, bila hata mmoja kugeuka. Wasukuma kadhaa walitazama chini. Lucia alisema kitu kwa Kisukuma ambacho mumewe alimwomba asikirudie. Eustace alikuwa ameshaanza kutangaza soda.

Spès hakujitoa siku ile. Wengi walishangaa, na Telesfori alikuwa mmoja wao. Sababu ilikuwa ndogo na haikuwa na heshima yoyote ndani yake. Klabu ilikuwa imetangaza kwamba wanachama wote watasafiri na Fuso hadi Karema kumshangilia Ngusa, wakiwa wamevaa fulana. Alivaa fulana.

Safari iliwachukua tangu alfajiri. Walipita Sibwesa, ambako Fuso ilisimama ili Ngusa awapungie watu wa kwao, kisha barabara ikaanza kushuka kati ya miombo, vumbi jekundu likiingia midomoni mwa walioimba. Spès alikaa nyuma kabisa, juu ya kayaki. Kwenye kona moja miti ikaachana, na ziwa likaonekana chini, pana, la buluu iliyokoza, na ng'ambo yake milima ya Kongo kama moshi. Watu walinyoosha vidole na simu. Hakuna anayekumbuka yeye alifanya nini. Aliyekaa karibu naye anasema tu kwamba aliacha kujifuta vumbi.

Karema upepo ulikuwa umeshaanza. Mawimbi hayakuwa makubwa kwa wenyeji, ambao walikuwa wakizisukuma kayaki zao ndani wakitaniana, lakini yalikuwa mawimbi, na bwawani hakuna aliyewahi kuyaona. Ngusa aliyatazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwenyekiti, haya maji mbona yanahema?"

"Wewe ni bingwa," Eustace alimwambia kutoka mbali, juu kwenye mchanga mkavu.

Mbio zilipoanza wenyeji waliondoka kama mishale. Ngusa alipiga makafi matatu manne, akafika mahali pa kuanzia mambo yake, akarusha kafi juu, akapiga mluzi. Akatazama ufukweni. Watu wa Karema hawakuwa wakimtazama. Ni watu wa ziwa, wamekaa wakikodolea macho boya la kugeuzia mbio, na mmoja wao alimwonyesha mwenziwe yule wa usinga kichwani akauliza kama ni mgonjwa. Ni kundi la fulana tu lililoshangilia. Ngusa aligeuka mzimamzima kulitafuta nyomi lake, na wimbi dogo, la kawaida, likamkuta amekaa ubavu. Kayaki ilijipindua.

Alikuwa na jaketi la kuokolea, hivyo hakuwa katika hatari yoyote isipokuwa ya kusikika. Alipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Mvuvi mmoja alimfuata kwa mtumbwi akamvuta kwa mkanda wa suruali, akamrudisha ufukweni akiwa amelala kifudifudi kama sangara.

Ikabaki kayaki. Upepo ulikuwa unaizungusha na kuipeleka. Eustace aliwaangalia wanachama wake mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliangalia viatu vyao. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuma mwingine chumvi, "Mama Odeta, hebu utuletee chombo."

Spès alifunga kitenge juu ya fulana. Alimwomba yule mvuvi ampeleke. Walipoifikia waliigeuza pamoja, wakamwaga maji, akajiingiza. Mvuvi akaondoka. Kafi lilikuwa likielea karibu, akaliokota.

Badala ya kurudi akaelekea mbele.

Mwanzoni wale wa ufukweni walidhani upepo unamzidi. Kisha wakaona namna anavyopiga, pande zote mbili sawasawa, na kayaki ikipanda wimbi na kushuka upande wa pili bila kuyumba. Alilipita boya. Alizipita nyavu za dagaa. Alizidi kuwa mdogo. Katibu akaanza kupunga fulana. Ndipo Eustace alipoweka mikono mdomoni na kusema kwa watu wote, ili wacheke, "Mwacheni! Anarudi kwao Burundi!"

Walicheka. Mbele ya Spès ilikuwa Kongo. Burundi iko kaskazini, mbali sana, safari ya siku nyingi kwa kayaki. Hata dharau yao haikujua iko wapi.

Alirudi alipotosheka. Kipindi hicho washindi walikuwa wameshapewa kombe lao na watu wanakula samaki wa kuchoma, migebuka ya ziwa lile. Aliivuta kayaki mchangani peke yake, nguo zimemganda, na uso wake ulikuwa umeungua kwa jua. Eustace alimjia.

"Tulidhani umekwenda kwenu."

"Kwetu ni Kasokola, mwenyekiti," Spès alisema. "Huko hakufikiki kwa maji, vinginevyo ningeshafika, nikapika, nikala, nyie bado mnapungia watu njiani."

Akavua fulana ya klabu, akabaki na kitenge na blauzi yake, akaiweka juu ya kayaki ikiwa imekunjwa vizuri. Wapo waliodhani anaianika.

Klabu ilifunga msimu wake kwa sherehe mjini, mtaa wa Kawajense, kwenye ukumbi wenye feni. Eustace alisoma mafanikio. Klabu ilikuwa imeendesha mashindano matatu kwa amani. Ilikuwa imeshiriki mbio za ziwa. Mwakilishi wake, Ngusa, hakubahatika kumaliza kutokana na hali ya hewa, lakini alikuwa gumzo la ufukwe mzima, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Chombo cha klabu kilirudishwa salama. Haikutajwa nani alikirudisha, na katika ukumbi ule wote hakuna aliyeona kwamba sentensi imekosa mtu. Ngusa alipewa kombe. Alilirusha juu akalidaka.

Spès hakuwepo. Siku hiyo alikuwa Ikola, ufukwe wa jirani na Karema, kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, akibishana na mwanamke mwenye magunia. Tangu safari ile amekuwa mchuuzi. Hupanda malori yanayokwenda kubeba samaki, hurudi na dagaa, huwauza gulioni Kasokola, na mkwe, watoto na palizi vimejifunza kumsubiri, kwa sababu mtu akisema anakwenda kutazama maji hakuna anayemwelewa, lakini akisema anakwenda kufuata dagaa kila mtu anamwombea safari njema. Lucia humsaidia kuuza. Telesfori anasema nyumba inanuka, na anakula.

Magunia yakishajaa, na lori likiwa bado halijawashwa, huwa kuna muda mtupu. Wachuuzi wenzake hulala kivulini. Spès humwendea mvuvi yeyote aliyeegesha mtumbwi wake na kumwomba kafi. Siku za kwanza waliuliza anakwenda kufuata nini huko ndani, mama mzima, bila wavu wala ndoana. Siku hizi wanampa tu, kisha wanaendelea kushona nyavu zao, na hakuna hata mmoja anayeinua kichwa kumtazama.